Henry Morton Stanley: Kitenzi kimoja kilichomfuata kutoka Ujiji hadi kaburini

Vijana wengi wa Kasulu na Kibondo wanaotafuta kazi kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi wanalazimika kuandika barua kwa Kiingereza. Wengine hutuletea tuzipitie kabla hawajazituma. Sarufi mara nyingi si mbaya. Kinachowaponza ni kuchagua kitenzi.

Anayetaka kuomba kazi anajua kitenzi ask, lakini anakiona cha darasa la tatu. Anatafuta kikubwa zaidi, anaandika demand. Huku kwetu kosa hilo lina sababu yake. Majirani zetu wa Burundi na Kongo wamesoma Kifaransa, na kwa Kifaransa demander ni kuuliza au kuomba tu, bila ubaya wowote. Kwa Kiingereza, demand ni kudai. Mwajiri anafungua bahasha na kukutana na mtu asiyemfahamu anayemdai kazi. Kumbe aliyeandika alikusudia unyenyekevu.

Vitenzi viwili vinaweza kuwa na maana karibu moja, lakini kimoja kikavaliwa shambani na kingine kanisani. Ukivikosea, watu hawaoni tena ulichokusudia kusema, wanakuona wewe. Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyepatwa na hilo mbele ya dunia nzima. Jambo lenyewe lilitokea hapa hapa mkoani Kigoma, baada ya mtu huyo kuvuka nchi ya Waha.

Mtoto wa nyumba ya maskini

Henry Morton Stanley hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na daftari la kanisa likamwandika kuwa mtoto wa nje ya ndoa. Mama aliondoka, mtoto akabaki kwa babu. Babu alipofariki, walezi waliompokea walichoka naye.

Akiwa na miaka 6, mwezi Februari 1847, alipelekwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph. Katika nyumba kama hizo, watu wasio na pa kwenda walipewa chakula na malazi, nao wakafanyishwa kazi na kuishi chini ya amri kali. Stanley alisimulia baadaye kwamba aliyempeleka alimdanganya kuwa wanakwenda kwa shangazi. Alikaa humo hadi mwaka 1856.

Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiwelshi, lugha ya nyumbani. Kiingereza alikipata kwa walimu wa nyumba ya maskini, kwa vitabu na kwa fimbo. Mtoto wa Kibondo aliyeanza na Kiha, akakuta Kiswahili shuleni na Kiingereza sekondari, anaijua safari hiyo. Mtu aliyejifunza lugha kwa namna hiyo huwa na maneno mengi ya vitabuni kuliko ya jikoni. Maana ya neno anaijua. Ila hakulisikia likitamkwa na mama anayekoroga uji, kwa hiyo hana hakika linakaa wapi.

Jina jipya, maneno mapya

Mwishoni mwa mwaka 1858 alipanda meli Liverpool akiwa kijana wa kazi za ndani ya meli, akateremka New Orleans, Marekani. Huko alichukua jina la mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley. Yeye alidai kwamba mzee huyo alimfanya mwanawe, ingawa waandishi waliochunguza maisha yake hawaamini kwamba mambo yalikwenda hivyo. Jina la Morton aliliongeza baadaye.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, alipigana upande wa majimbo ya kusini, akatekwa Shiloh mwezi Aprili 1862, akafungwa katika kambi ya Chicago, kisha akahamia upande wa kaskazini. Baada ya vita akaingia kwenye uandishi wa habari.

Huko alipata njia ya kupanda. Mwaka 1868 gazeti la New York Herald lilimtuma Ethiopia kufuata jeshi la Uingereza lililokwenda kupigana na Mfalme Tewodros. Kabla ya safari alikuwa amemhonga karani wa simu za maandishi kule Suez ili habari zake zitangulie. Mbinu hiyo ilifanya kazi: habari za kuanguka kwa Magdala zilifika London kupitia kwake kabla serikali haijapata taarifa yake yenyewe.

Mwezi Oktoba 1869, mwenye gazeti, James Gordon Bennett mdogo, alimwita Paris na kumpa kazi ya kumtafuta David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland. Ulaya na Marekani zilikuwa zimekaa muda mrefu bila habari zake za uhakika.

Kupita Buha usiku

Stanley alifika Zanzibar mwezi Januari 1871. Alikodi wapagazi, askari na viongozi wa msafara, karibu watu 190, akawagawa katika misafara mitano. Msimamizi wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa amekwisha kutembea na wazungu wengine kabla yake. Mwezi Machi yeye mwenyewe aliondoka Bagamoyo. Wazungu wawili aliowaajiri, Farquhar na Shaw, wote walifariki kabla msafara haujafika ziwani. Tabora alijiingiza katika vita vya wafanyabiashara Waarabu dhidi ya Mtemi Mirambo, na upande wake ukashindwa. Mwezi Septemba akashika njia ya kusini kuwakwepa watu wa Mirambo, kisha akapinda kaskazini, akavuka Malagarasi na kuingia Buha.

Waha walimtoza hongo. Neno hilo leo linasikika vibaya, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, haki ya mtawala juu ya anayepita nchini kwake. Mtware mmoja ambaye Stanley alimwandika kwa jina la Mionvu alimtoza doti nyingi za nguo, na mbele yake wakatajwa watawala wengine waliokuwa wakisubiri fungu lao. Stanley aliona atafika Ujiji mikono mitupu. Akamtafuta mtu wa kuwaongoza, akawaamuru watu wake wakae kimya, wakaondoka usiku, wakakatiza nje ya njia kuu hadi walipotoka Buha.

Kwake yeye hiyo ilikuwa kuponyoka. Mwami angeiita kukwepa kodi. Safari ni moja na vitenzi ni viwili, na kitabu kiliandikwa na mmoja tu kati yao.

Siku ya Ujiji

Livingstone alikuwa amefika Ujiji mwezi Oktoba 1871 akitokea Manyema, amedhoofika kwa maradhi na kuvunjwa moyo na mauaji aliyoyaona kwenye soko la Nyangwe mwezi Julai. Shehena aliyoitegemea ilikuwa imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Kwa dunia ya magazeti huyo alikuwa mtu aliyepotea. Kwa watu wa Ujiji alikuwa mzee wanayemwona kila siku barazani. Kitabu cha Stanley kilipotoka mwaka 1872, jina lake lilisema namna alivyompata Livingstone, na kitenzi alichokitumia, find, ni cha kawaida kabisa. Pengine hapo alichagua vizuri. Angetumia discover, yaani kugundua, wenyeji wangekuwa na haki ya kuuliza ni nani aliyegundua nini.

Kitabu hicho kinataja tarehe 10 Novemba 1871, ingawa wapo wanahistoria wanaoamini ilikuwa siku chache kabla. Msafara uliingia ukipiga bunduki hewani, bendera ya Marekani mbele. Susi, mtumishi wa Livingstone, alitoka mbio kuwapokea na kumsalimu mgeni kwa Kiingereza. Umati wa Waarabu, Waswahili na Wajiji ukakusanyika. Katikati alisimama mzee mweupe mwenye ndevu za mvi.

Stanley anakiri kwamba moyo wake ulitaka kukimbia na kumkumbatia. Hakuthubutu mbele ya umati. Hakujua mzee yule atampokeaje, na hofu pamoja na majivuno vikamshauri ajiweke kama bwana mkubwa. Akatembea taratibu, akavua kofia, akataja cheo na jina la mzee, kisha akafunga sentensi kwa kitenzi presume. Kwa Kiswahili tungesema nadhani, lakini nadhani ya mtu aliyevaa suti.

Livingstone akatabasamu, akainua kofia yake na kujibu kwa neno fupi kuliko yote ya kukubali.

Kwa nini walicheka

Kiingereza kina ngazi nzima ya vitenzi kwa tendo hili la kuwa na wazo bila hakika kamili. Guess ni kukisia, na Wamarekani hulitumia kila siku mezani na barabarani. Think ni la watu wote, la tangu kale. Suppose ni pole na la adabu. Assume ni kuchukulia jambo kuwa hivyo bila kudai ushahidi. Presume ni kulichukulia kuwa kweli kwa sababu dalili zipo, mpaka atokee mtu wa kuonyesha vinginevyo.

Kitenzi hiki cha mwisho ni cha mahakamani. Ndicho kinachotumika kumhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi athibitishwe. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina kifungu cha 160 kuhusu dhana ya ndoa: mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, sheria inawachukulia kuwa wameoana, na anayepinga ndiye wa kuleta ushahidi. Dhana hiyo ndiyo presume ya wanasheria.

Ngazi hii ina historia. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa wakubwa walisema Kifaransa huku wakulima wakisema Kiingereza chao. Kilatini kilitawala kanisani na katika vitabu. Lugha zilipochanganyika, vitenzi vingi vilibaki viwili viwili. Begin kikabaki cha nyumbani, commence kikawa cha waraka. Vivyo hivyo kwa buy na purchase, kwa help na assist. Maana zinakaribiana, ila kila kimoja kimebaki na harufu ya alikotoka.

Sasa mfikirie Mwingereza wa mwaka 1872 akisoma habari za Ujiji gazetini. Presume lilikuwa neno la sebuleni, la mabwana wawili ambao hawajatambulishwa na mtu wa tatu. Halafu analikuta limesemwa kando ya Ziwa Tanganyika, na mtu aliyechoka kwa miezi ya safari, akimwambia mzungu pekee aliyekuwa mahali pale. Kitenzi cha kukadiria kikatumika mahali ambapo hapakuwa na cha kukadiria. London ikacheka. Magazeti yakageuza sentensi ile kuwa mzaha, na mzaha huo ukaendelea kumchoma hadi uzeeni.

Sisi wa redio tunalielewa hilo upesi. Katika matangazo ya vifo hatusemi kwamba mzee fulani amekufa, tunasema amefariki dunia. Kitenzi hicho kinampa heshima yake. Lakini mfugaji wa Muhambwe akileta tangazo kwamba ng'ombe wake amefariki dunia, studio nzima itacheka, hata kama hasara yake ni ya kweli na inauma. Hakukosea maana. Amemvisha ng'ombe kanzu.

Alisema kweli?

Lipo jambo jingine. Katika shajara ya Stanley, kurasa zilizohusu kukutana kule zimechanwa. Livingstone naye hakuitaja salamu hiyo katika maandishi yake, ingawa alieleza ujio wa mgeni, mbio za Susi na bendera ya Marekani. Mwandishi Tim Jeal, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu Stanley, anaona kuna uwezekano mkubwa kwamba maneno hayo hayakusemwa Ujiji, bali yalitungwa baadaye.

Kama ni hivyo, mambo yanabadilika. Kitenzi kilichomponyoka mtu kwa hofu mbele ya umati tungeweza kukisamehe. Hiki kitakuwa kilichaguliwa mezani, kwa utulivu, kati ya vingine vyote. Mtoto wa nyumba ya maskini alitaka dunia imwone bwana wa kuzaliwa, akachukua kitenzi ambacho alidhani mabwana hukitumia. Mabwana wenyewe wakamcheka. Mwezi Agosti 1872, kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Brighton, aliona anadharauliwa, akakasirika hadharani. Wapo waliodai barua za Livingstone alizozileta ni za kughushi, mpaka familia ya mzee ilipothibitisha mwandiko. Magazeti yakachimba asili yake ya Wales, naye akaikana.

Livingstone hakumcheka. Yeye pia alikuwa mtoto wa maskini, aliyeanza kazi katika kiwanda cha pamba cha Blantyre akiwa na miaka 10. Walikaa pamoja miezi minne, wakaenda hadi kaskazini mwa ziwa na kuthibitisha kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Walitengana karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872. Livingstone alikataa kurudi kwao, akafariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka uliofuata.

Vitenzi vya mkataba

Kama maisha ya Stanley yangeishia hapo, tungemwonea huruma tu. Hayakuishia hapo. Kati ya mwaka 1874 na 1877 alivuka Afrika kutoka Bagamoyo hadi Boma, karibu na mlango wa Mto Kongo. Zaidi ya nusu ya waliotoka naye hawakufika: walikufa au walitoroka. Mwaka 1875 alishambulia watu wa kisiwa cha Bumbire katika Ziwa Victoria, akaandika mwenyewe habari za mauaji hayo, na Uingereza ikazuka lawama.

Kuanzia mwaka 1879 alifanya kazi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji huko Kongo. Alifungua njia na kujenga vituo, na Wakongo wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Yeye na wenzake waliwawekea machifu karatasi za mikataba zilizoandikwa kwa lugha za Ulaya. Machifu walitia alama zao wakielewa kwamba wanafanya urafiki na biashara. Vitenzi vya kwenye karatasi vilisema wanaachia haki za kutawala nchi yao. Katika Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 mikataba ya namna hiyo ilikuwa silaha ya Leopold, na yaliyofuata Kongo yanajulikana.

Kule Ujiji kitenzi kilichokosea mahali kilimletea mwenyewe aibu. Kongo, kitenzi ambacho mwenye nchi hakukielewa kilimnyang'anya nchi.

Stanley alifunga ndoa na Dorothy Tennant mwaka 1890, akawa mbunge mwaka 1895, akapewa cheo cha Sir mwaka 1899. Alifariki London tarehe 10 Mei 1904. Alitamani kuzikwa Westminster Abbey, kanisa alilozikwa Livingstone, lakini mkuu wa kanisa alikataa. Alizikwa kijiji cha Pirbright, na juu ya jiwe lake liliandikwa jina la Bula Matari.

Kabla hujaandika

Turudi kwenye bahasha ya kijana wa Kasulu. Kitenzi kikubwa hakimfanyi mtu mkubwa, na kitenzi chepesi si cha kitoto. Kwenye barua ya kazi, request au apply vinafaa, kwa sababu barua rasmi ndiyo makazi yake. Ukimwambia muuguzi kwamba mtoto anahitaji msaada, help inatosha, tena inafika haraka kuliko assist. Demand iache kwa siku unayodai mshahara uliokwisha kuufanyia kazi.

Tuna kipimo tayari katika Kiswahili chetu. Dukani hatusemi nataka chumvi kwa mzee tunayemheshimu, tunasema naomba. Kwa mwenye deni tunadai, hatuombi. Jiulize kwanza kwa Kiswahili, au kwa Kiha, unafanya nini: unaomba, unauliza au unadai? Ukishajua, tafuta kitenzi cha Kiingereza kinachofanya kazi hiyo hiyo mbele ya mtu wa namna hiyo hiyo. Na ukiletewa karatasi utie sahihi, usione haya kuuliza kila kitenzi kilichomo kinakufanya utende nini.

Ukifika Ujiji, mahali pa kumbukumbu pana miembe ambayo inasemekana ni uzao wa ule waliokutania. Wageni hupiga picha na kurudia ile salamu kwa mzaha. Wachache wanajua kwamba aliyeandikiwa salamu ile alijibu kwa neno moja tu, na hakuna aliyewahi kulicheka.